Karantini Nyumbani kwa Mzee Ogola

Karatasi za mazishi zilifika Alhamisi asubuhi, mia mbili, zikiwa zimefungwa kwa gazeti la juzi. Dalmas alikuwa amezifuata Kisumu kwa mpiga taipu mmoja wa Manyatta. Kabla hajanywa hata maji, alimpa Benta, mke wa kaka yake Dishon, nakala moja aisome. Benta alikaa kwenye kiti cha mbao nje ya nyumba, akasoma upande wa kwanza, akageuza, akasoma wa pili, kisha akarudi upande wa kwanza kama mtu aliyeangusha kitu.

"Dalmas, maisha ya mzee ni mistari sita."

"Ndiyo, shemeji."

"Na ya Dishon ni ukurasa mzima."

"Wazee ndio walitaka hivyo. Mtu hujulikana kwa watoto wake."

Ilikuwa kweli. Mzee Ogola alizaliwa, alibatizwa, alimwoa Dorca, alifanya kazi ya reli Kisumu, alirudi Nyakach kulima na kufuga, aliugua. Chini yake, kwa herufi kubwa, yalifuata masomo na kazi za mtoto wake wa kwanza. Shule ya msingi. Cheti cha afya ya mifugo. Miaka mitatu kusimamia josho la ng'ombe kule Kisian. Shahada ya kwanza Kabete, ya pili Uskoti. Mhadhiri wa udaktari wa mifugo tangu mwaka 1983, somo lake likiwa namna magonjwa yanavyoenea. Hata jina la tasnifu yake lilikuwapo, likiwa na makosa mawili ya taipu: Mikusanyiko ya Ng'ombe Katika Matanga ya Nyakach na Uenezaji wa Magonjwa.

Dishon alipopewa ile karatasi aliisoma akiwa amesimama. Hakukuta uongo ndani yake. Alitamani tu angeukuta, apate sababu ya kuirudisha.

"Ungeniuliza kwanza," alimwambia mdogo wake.

"Uko Nairobi siku zote. Nikuulize kwa njia gani?"

Saa sita afisa wa mifugo wa tarafa alifika kwa pikipiki ya serikali. Aliiacha nje ya lango, akaingia kwa miguu, kofia mkononi. Alikuwa kijana mrefu kutoka Bungoma, jina lake Wakoli, na miaka minne nyuma alikuwa amekaa dawati la mbele katika darasa la Dishon. Alisalimia kila mtu mmoja mmoja, akampa pole Mama Dorca kwa mikono miwili, ndipo akamwendea mwalimu wake.

"Pole sana, Mwalimu. Nilipoona jina kwa chifu nilisema haiwezi kuwa ni huku."

"Ni huku."

Wakoli alimpa barua. Ilikuwa fupi. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeonekana upande wa pili wa barabara ya Kisii, na tangu jana tarafa nzima ilikuwa chini ya karantini. Ng'ombe yeyote asitoke nyumbani kwake kwa sababu yoyote.

"Nimewapasua fahali wawili mwenyewe," Wakoli alisema kwa sauti ya chini. "Mapafu yalikuwa kama marumaru. Vile ulivyotuchorea ubaoni."

"Na upande huu?"

"Bado sijaona kitu. Lakini wewe ndiye ulitufundisha kwamba ukishauona umechelewa."

Walitazamana, kisha wote wawili wakageuza macho kwenye zizi la Mzee Ogola, lililokuwa na ng'ombe watatu tu, mbali na fahali wa matanga aliyefungwa kando. Watatu hao ndio wangetangulia. Jumamosi asubuhi, kabla ya kuzika, mtoto wa kwanza angefungua zizi, pembe ingepigwa, na nyumba zote za jirani zingetoa ng'ombe wao. Wanaume wangewakimbiza hadi mpakani na kuwarudisha, kwa nyimbo na filimbi, ili kifo kifukuzwe na marehemu aheshimiwe. Wenyewe huita tero buru, kupeleka vumbi. Mzee wa umri wa Ogola hazikwi bila vumbi hilo.

"Kuna kibali cha kuwatoa," Wakoli alisema. Alitoa kitabu cha fomu kwenye mfuko wa koti. "Mwenye kutia sahihi ni mimi. Ukiniambia niandike, Mwalimu, nitaandika, na sitauliza kitu. Nitasema Daktari Ogola alikuwapo."

Hakusema hivyo kwa ubaya. Aliona tu kwamba aliyesimama mbele yake ni mtu aliyefiwa, na kwamba fomu ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa.

"Niachie mpaka Jumamosi," Dishon akajibu.

"Ulituambia darasani," Wakoli aliongeza, akivaa kofia yake, "kwamba huku amri ya chifu huvunjwa, lakini neno la mtoto wa kwanza halivunjwi. Lilikuja kwenye mtihani. Nilipata alama zote."

*

Alasiri ile wazee walikaa chini ya turubai la kanisa lililokuwa limefungwa ubavuni mwa nyumba. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Enos, ndugu mdogo wa marehemu, mtu mwembamba mwenye mdomo mwepesi.

"Daktari," alisema. Alimwita Dishon hivyo alipotaka kumchokoza. "Umetuletea nini kutoka Nairobi, dawa au barua?"

"Barua, Baba."

"Isome basi. Si umesomeshwa?"

Dishon aliisoma, kisha akaieleza polepole kwa lugha ya nyumbani. Alipomaliza, Mzee Enos alikuna kidevu.

"Kuna ng'ombe anayekohoa hapa kwetu?"

"Sijamwona."

"Kuna mtu mwingine amemwona?"

"Hapana."

"Basi huo ugonjwa umekaa wapi? Ndani ya bahasha?"

Watu wakacheka. Dishon alingoja wanyamaze.

"Unaweza kukaa ndani ya ng'ombe miezi miwili, hata mitatu, naye anakula na kutoa maziwa. Akisimama pua kwa pua na mwenzake, ameshampa. Ndiyo maana nahofia kuwakusanya."

"Sisi pia tumekaa pua kwa pua hapa, na huyu jirani yangu ananuka pombe tangu jana. Mbona mimi bado sijalewa?"

Wakacheka tena, hata huyo jirani. Lakini safari hii Mzee Enos hakucheka nao.

"Ngoja nikukumbushe kitu," alisema. "Mwaka wa sabini na nane ulikuja na daftari. Ukasimama kwenye njia za matanga ya watu ukihesabu ng'ombe. Hapa mtu hahesabu ng'ombe wa mwenzake. Hata wake mwenyewe hawahesabu kwa sauti, maana ni kuwaita wafe. Vijana wa Katito walitaka kukuvunja miguu. Nani aliwazuia?"

"Marehemu baba."

"Alisema nini?"

"Alisema, mwacheni, anasoma."

"Mwacheni, anasoma! Tukakuacha. Ukahesabu miaka mitatu, ukahesabu mpaka ukafika Uskoti. Sasa yule aliyekuombea ndiye unataka tumfukie kimya kimya, kama mtu aliyejinyonga?"

Hakuna aliyecheka. Dishon aliikunja barua mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka ikakataa kukunjika zaidi.

Walipotawanyika, Dalmas alimvuta pembeni, nyuma ya jiko.

"Yule afisa ni mwanafunzi wako. Mwambie aandike hicho kibali."

"Kibali hakizuii ugonjwa."

"Kinazuia maneno. Wewe Jumatatu utapanda basi urudi Nairobi. Mimi ndiye nitakutana nao mtoni kila siku. Umenifikiria mimi?"

"Nimekufikiria."

"Haya, umefikiria nini?"

Dishon alikuwa amefikiria kwamba Dalmas alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, na kwamba watoto wake walisoma kwa maziwa hayo. Alilisema. Dalmas alimtazama kama aliyetukanwa.

"Sijakuomba unihesabie ng'ombe wangu," akasema, akaondoka.

*

Mwili uliletwa Ijumaa kutoka mochari ya Kisumu. Kelele za kulia zilipotulia, Mama Dorca aliketi sakafuni karibu na jeneza, miguu imenyooshwa, nguo imegeuzwa ndani nje kama ada inavyomtaka mjane. Dishon aliinama kumpa uji.

"Ng'ombe watatoka kesho?" mama yake alimwuliza.

"Sijui, Mama."

"Baba yako alikuwa anatoa wake kwa kila aliyekufa hapa. Hata kwa yule jirani aliyemshtaki kwa ajili ya mpaka."

"Najua."

Alijua kuliko mama yake alivyodhani. Lilikuwa kwenye jedwali la tano la tasnifu yake. Katika matanga kumi na saba ya miaka ile mitatu, nyumba ya Ogola ilipeleka ng'ombe mara kumi na tano. Mara mbili ambazo hazikupeleka, fahali alikuwa mgonjwa. Hayo yote aliyaandika. Maelezo yake ya chini ya jedwali yalisema kwamba nyumba zenye heshima kubwa ndizo zinazoeneza ugonjwa zaidi, kwa kuwa hazikosi kwenda popote.

Benta alimkuta nje ya uzio, amesimama peke yake.

"Mwachie Wakoli," alimwambia. "Ni kazi yake. Analipwa kwa ajili hiyo."

"Wakoli akisema yeye, watampita."

"Wacha wapite. Mikono yako itakuwa safi."

Benta alikaa naye kidogo, kisha akaona kwamba Dishon hata hamtazami, akarudi kwa wanawake wenzake.

*

Jumamosi, jua lilipoanza kuchoma, wanaume walijaa uani wakiwa na fimbo na filimbi, wamejifunga mimea ya kutambaa vichwani. Walikuwa karibu sitini. Kwenye malango ya nyumba za jirani, kote kwenye mteremko hadi chini kwenye mashamba ya mpunga, ng'ombe walikuwa wamesimama wakingoja pembe. Macho ya Dishon, kwa mazoea, yalianza kwenda kutoka lango moja hadi jingine. Akayashusha chini.

Wakoli alikuwa barabarani kando ya pikipiki yake, kitabu cha fomu mkononi. Alikuja bila polisi.

Mzee Enos alisogea mpaka mlangoni pa zizi. Pembe ilikuwa begani mwake.

"Fungua, mtoto wa ndugu yangu."

"Baba, ng'ombe hawatatoka."

Minong'ono ilipita katikati ya watu. Mzee Enos aliinua mkono.

"Nakuuliza jambo moja, na unijibu taratibu. Ni nani anayesema hivyo? Ni serikali, au ni wewe?" Alimkaribia mpaka Dishon akasikia harufu ya majani mabichi kichwani mwake. "Kama ni serikali, sema ni serikali. Yule kijana yuko peke yake pale, tutampita bila hata kumgusa. Faini tutachanga. Amri za serikali tumezivunja kabla hujazaliwa. Lakini kama ni wewe, hakuna mtu hapa anayeweza kufungua zizi la mtu ambaye mtoto wake wa kwanza amekataa."

Dishon alielewa kwamba amefunguliwa njia, na kwamba imefunguliwa kwa upendo. Neno moja tu lilitakiwa. Angelisema, na vumbi lingeinuka, na mama yake angelisikia likienda. Yeye angesimama kando kama mtu aliyezidiwa nguvu, na hakuna kitabu popote ambacho kingeandika kosa lake. Na huenda lisingetokea lolote. Huenda hakukuwa na ng'ombe hata mmoja mgonjwa upande huu wa barabara. Hilo asingelijua leo, na kama ng'ombe wasingetoka, asingelijua milele.

"Ni mimi, Baba," alisema.

"Sema wasikie walio nyuma."

"Ni mimi ninayekataa."

Mzee Enos alimtazama kwa muda, si kwa hasira. Kisha akavua mmea kichwani mwake na kuutundika kwenye nguzo ya zizi. Aliyekuwa karibu naye akavua wake. Mmoja baada ya mwingine, wote wakavua, na uzio wa zizi ukajaa majani. Dalmas alikuwa wa mwisho. Yeye hakuutundika, aliutupa chini.

Ibada ilianza saa tano. Katekista alisoma karatasi ya mazishi. Mistari sita ya marehemu iliisha kabla wanawake hawajakaa vizuri, akageuza ukurasa. Alisoma cheti, josho la Kisian, shahada ya kwanza, shahada ya pili. Alisoma kwa fahari, akiinua sauti kila mwisho wa sentensi, kwa kuwa hakuwapo asubuhi zizini. Alipofika kwenye jina la tasnifu, mtu mmoja nyuma alicheka kicheko kifupi, akakimeza. Dishon alitazama mbele, kofia magotini. Wakazika saa saba.

*

Fahali aliyechinjwa nyumbani alikuwa mkubwa, na wanawake walikuwa wamepika tangu alfajiri. Nyama zilikuwa kwenye sufuria nne, ugali umefunikwa kwa majani ya ndizi, meza ndefu imepangwa chini ya turubai. Watu walipotoka kaburini walipanga mstari. Walimpa mkono Mama Dorca, wakampa mkono Benta, wakampa mkono Dishon. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemkwepa.

"Mungu akutie nguvu, Daktari," walisema, kisha wakapita kando ya meza wakatoka langoni.

"Chakula kiko tayari," Benta aliwaambia wa kwanza. Wakasema asante, wana safari. Safari zao zilikuwa za kuvuka shamba moja. Baada ya kumi na mbili hivi, aliacha kuwaambia.

Wapishi nao waliondoka, na Dalmas akatoka na Mzee Enos. Hakuaga.

Aliyebaki alikuwa Wakoli. Alikuwa amekuja kusema asante, na Benta, asiyejua afanye nini na sahani aliyokuwa ameishika, alimwekea mbele. Kijana aliketi peke yake kwenye meza ya watu arobaini, akala haraka, macho kwenye sahani. Alipomaliza alinawa, akamfuata mwalimu wake.

"Mwalimu, nitaandika kwenye ripoti yangu. Nitaandika kwamba..."

"Usiandike kitu."

"Lakini ni jambo kubwa."

"Wakoli. Nenda nyumbani."

Pikipiki ilipopotea upande wa Katito, nyumba ilinyamaza. Benta alianza kufunika sufuria. Kwa siku nne baada ya maziko nyumba ya mzee hulala watu mpaka kwenye miguu ya meza. Hii ilikuwa na watu watatu.

Dishon alisikia ubao wa zizi ukiburutwa. Aligeuka akamwona mama yake, nguo yake bado imegeuzwa, ameshika fimbo ya baba yake, anawatoa ng'ombe watatu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Sitoki langoni," Mama Dorca alisema. "Barua yako imesema wasitoke. Uani imesemaje?"

Haikusema chochote. Yeye pia, katika kurasa zote alizoandika, hakuwahi kuandika lolote kuhusu uani.

Mama Dorca aliwazungusha ng'ombe nyumba nzima mara moja. Hii si kazi ya mwanamke, na kwa mjane ambaye mumewe amezikwa leo ni zaidi ya mwiko, lakini hakukuwa na mtu wa kumkataza. Ng'ombe hawakuelewa. Walitaka majani ya uzio, na kila walipoinamisha vichwa aliwagonga kwa fimbo, si kwa nguvu. Vumbi lililoinuka lilifika magotini mwake tu. Alipofika kando ya kaburi alisimama, anahema.

"Sasa mlilie kwa jina lake," alimwambia mwanawe. "Hilo siwezi mimi. Hulia mwanaume."

"Ogola," Dishon alisema.

"Hilo ni la kitambulisho. Jina la kujisifu. Lile alilokuwa anajiita akisikia nyuzi za nyatiti, akikimbia na ng'ombe."

Dishon alifungua mdomo. Aliona njia ya vumbi mwaka wa sabini na tisa, baba yake kando yake ameinua fimbo, anapaza sauti kwa furaha kuelekea fahali waliokuwa wakipita. Yeye alikuwa amesogea hatua chache pembeni, sauti ile isimpotezee hesabu. Siku ile ng'ombe walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Hilo alilikumbuka.

Mama yake alingoja. Kisha akasema, bila ukali, "Enos analijua," akawageuza ng'ombe kuelekea zizini.

Dishon alitoka langoni kwa viatu vyake vya kuzikia, akavuka shamba. Lango la Mzee Enos lilikuwa limefungwa kwa kamba, ingawa jua lilikuwa bado juu. Hakulifungua. Alisimama nje, akabisha kwa sauti.

"Ni nani?"

"Dishon, Baba. Nimekuja kuuliza jina la baba la kujisifu."

Sauti ya Mzee Enos ilitoka ndani.

"Unataka kuliandika?"

"Hapana. Nataka kulia nalo."

Alisikia kiti kikisogezwa, sauti ya Dalmas ikisema kitu, na ya mzee ikimkatiza.

"Basi ngoja hapo," Mzee Enos alisema. "Tunakula."

Dishon hakuwa amekula tangu jana. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia sahani, na maji yakimiminwa, na harufu ya samaki ikamfikia pale nje. Alisimama, mikono nyuma, akangoja wamalize.